Fagio la Saa Tisa

Mchana nahesabu makasha ya watu:
ya buluu, ya kutu, yenye lakiri, yenye lakiri iliyokatwa,
na yale yaliyokaa hadi yakaandikiwa mnada
mwenyewe hajaja wala hajapiga simu.
Jioni narudi Chaani kuhesabu yangu.

Yangu hayana mabati. Yamo ndani ya laputopu
iliyotupwa na ofisi, kioo kimepasuka,
naiweka juu ya friji, pangaboi ikiipepea
kama mgonjwa wa malaria.
Kasha moja lina picha za harusi yangu na Umazi,
jingine katuni za watoto,
jingine daftari la madeni la Bi Mwanakombo wa mahamri,
maana lile la karatasi lilinyweshwa mafuta
hata tarakimu zikaogelea.

Kila wiki programu zina toleo jipya.
Jipya laja na mizigo yake, la zamani nalo haling'oki,
latandika mkeka papo hapo kwenye diski, lalala.
Asilimia tisini na saba.
Mashine ikaanza kukohoa,
nami nimechoka kufagia kwa mkono
usiku, macho yakiwa bado yaona winchi.

Nikaandika amri, mistari tisa.
Ifikapo saa tisa usiku:
vuta vipya, zima vya zamani, washa.
Kisha fagia. Kisichotumika kitupe.
Usiniulize.

Nilijivunia mstari ule wa mwisho.
Usiniulize! Kama tajiri na mtumishi wake.
Wiki tatu niliamka nikakuta nyumba safi,
diski imepumua, nami nimelala fofofo.
Kipya kinyemi, walisema,
lakini nani husikiliza sehemu ya pili?

Usiku wa Jumatano stima zilikatika
saa tisa na dakika nne, zikarudi na sita.
Makasha yote yaliamka isipokuwa moja.
Fagio likapita, likalikuta limelala,
likadhani limekufa.

Alfajiri, Bi Mwanakombo mlangoni,
simu mkononi, unga hadi viwikoni.
"Hebu nisomee weye, Mbarak. Miye naona sufuri.
Kazungu, sufuri. Mama Riziki, sufuri.
Hata Nyale wa bodaboda, sufuri!
Mtaa mzima umekuwa malaika usiku mmoja?"

Nikatafuta nakala ya akiba.
Nilikuwa nimeihifadhi kwenye diski ile ile,
mlinzi na mwizi kitanda kimoja.

Hakunitukana. Ningependa anitukane.
Alirudi kwenye karai lake, akakoleza moto,
na kila aliyekuja alimwuliza bila kuinua uso:
"Nakudai ngapi?"

Nyale alisema mia mbili,
akavaa helmeti, akaivua, akaongeza hamsini.
Kazungu alihesabu kwa vidole, siku kwa siku,
mpaka watu wa nyuma wakaguna.
Mama Riziki alitaja kidogo mno.
Bi Mwanakombo akamtazama,
akageuza hamri, likaiva upande wa pili.

Nami nimo folenini na bakuli la mbaazi.
Mia tatu na arubaini.
Aliyejua ni mimi na mashine,
na mashine haijui tena.

"Na weye?"

Nikasema mia tatu.

Usiku nikaifungua amri, nikaufuta ule mstari.
Pale pake nikaandika: lililolala si lililokufa,
lipe siku saba, kisha niulize.
Nakala nikaipeleka kwenye diski nyingine,
nyumba nyingine, kwa shemeji yangu Mikindani.

Siku hizi simu hulia saa tisa,
Umazi hunipiga kiwiko, "mtoto wako analia,"
nami nasoma orodha kwa jicho moja:
hili tupa, hili tupa, hili liache.

Daftari limerudi, lina jina langu, mia tatu, nimelipa.
Ile arubaini haimo kwenye kasha lolote.
Hiyo hakuna fagio linaloifikia.